Ukinzani Ukizidi

Mayai yenyewe, jamani, hayakuwa ya mchezo. Babu alipofariki alituachia kuku wake wa shingo tupu, aliowalea tangu ujana. Halafu ugonjwa ukapita, ukafagia banda lote. Kilichobaki ni trei moja ya mayai ambayo mama mdogo alikuwa ameshayaweka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Yakiharibika hayo, basi, kuku wa babu ndio wameisha.

Mashine ni friji bovu. Aliyelifungia koili ya joto ndani ni mjomba, kaka yake mama mdogo. Anatengeneza redio na pasi, na mtaa mzima unamwita Waya, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mwili.

Asubuhi ile koili ikakatika. Mama mdogo akaacha cherehani na gauni la mtu likining'inia kwenye sindano, mimi nikampigia mjomba. Akaja na mita yake ya kupimia umeme na waya wa jiko la umeme, wa aina hiyo hana mwingine. Akausokota wote. Nikamuuliza mbona ni mrefu kuliko ule uliokatika. Akasema umeme ukipita kwenye waya huu unabishana nao, na ubishi ndio joto. Kwa hiyo waya mrefu, ukinzani mwingi. Ukinzani mwingi, joto jingi. Iliniingia akilini kabisa, nikawa namrekodi.

Kipimajoto kikapanda hadi nyuzi thelathini na moja, kikagoma. Mayai yanataka thelathini na saba na nusu. Tukasubiri weee, wapi. Mjomba akaniambia nikaombe waya kwa jirani, tuongeze ukinzani.

Mama mdogo alikuwa ameweka kiganja kwenye mlango wa friji, kama anampima mtoto homa.

"Kaka, hii plastiki iliyofunika waya wa soketi, umeme unapita?"

"Haupiti hata chembe."

"Kwa hiyo yenyewe ndiyo inabisha kuliko vyote humu."

"Ndiyo."

"Mbona haichemki?"

Nikashusha simu. Mjomba akaitazama ile plastiki kama ndio kwanza anaiona leo. Mwisho akasema, taratibu, kwamba haichemki kwa sababu hakuna kinachopita. Ukibisha sana, umeme unakukatia tamaa.

Akachukua mita. Upande wake wa kupima ukinzani ulishakufa zamani, kwa hiyo ilibidi tuutafute kwa hesabu: volti ugawe kwa ampea. Volti zilikuwa mia mbili, umeme wa kwetu umechoka. Ampea ikaja nusu. Koili ya zamani, alikumbuka vizuri, ilikuwa inavuta ampea moja nzima, yaani omu mia mbili.

"Hii sasa, mia mbili gawa kwa nusu," mjomba akasema, "mia moja. Si unaona? Ukinzani umepungua. Lete waya."

Mimi nilishabonyeza kwenye simu, na simu ilikuwa inasema mia nne. Nikabonyeza tena. Mjomba akasema simu za siku hizi zinadanganya, kitu ukikigawa nusu kinapungua, hata mtoto anajua.

Mama mdogo akauliza: akiwa na kitambaa cha mita mia mbili, akikate vipande vya nusu mita nusu mita, vitakuwa vingapi?

"Mia nne," nikasema.

Mjomba akakaa chini. Kugawa nusu na kugawa kwa nusu, maneno yanafanana hivyo, kumbe moja linakupeleka kusini na jingine kaskazini. Tukapiga na hesabu ya wati, yaani joto lenyewe: volti mia mbili mara nusu ampea, wati mia moja. Koili ya zamani ilitoa mia mbili. Mayai yalikuwa yanapata nusu ya joto lao, na sisi tulikuwa tunakwenda kuyapunguzia tena.

Kilichotakiwa ni kuukata waya katikati. Nusu ya urefu, nusu ya ukinzani, ampea inarudi moja. Ila waya ule ukishaukata hauungiki ukashika. Mjomba akatoa koleo, akamgeukia mama mdogo.

"Nikikosea, dada, nitakuwa nimemzika mzee mara mbili."

Mama mdogo akamnyang'anya koleo. Akaunyoosha waya, akaukunja ncha kwa ncha kama anavyokunja kitambaa, akapapasa mkunjo kwa kidole gumba, akakata.

Mjomba akasokota, akafunga. Mita ikasoma ampea moja. Kipimajoto kikaanza kutambaa: thelathini na mbili, thelathini na nne. Kilipogusa thelathini na saba na nusu, swichi ya joto ikalia tak, koili ikajizima yenyewe.

Lakini mayai yalishapoa kwa saa ngapi? Hapo hakuna hesabu. Tukafunga mapazia, nikawasha tochi ya simu, mama mdogo akashikilia yai juu yake, tuone kama ndani kuna uhai. Giza tupu. La pili, vilevile. La tatu, ndani ya wekundu wenye mishipa, kitu kama kivuli cha punje kikashtuka, kikatulia, kikashtuka tena.

Mjomba akainama hadi pua ikakaribia kugusa yai. Alikuwa anatoa machozi, na mlango wa friji ameuacha wazi.

"Waya," mama mdogo akamwambia, "funga mlango. Watoto wanapigwa baridi."