Sanduku la Sipresi la Mama Daphrose

...sipresi, sipresi tupu, nimeligonga sanduku kwa ukucha likaniitikia, mbao nzima toka kichwani mpaka miguuni, na mafundo yake, na utomvu unaonata kidoleni, kwa mama yake mzazi Gélase amejua kuchagua, mtazame anavyopiga randa kifuniko, mtoto mwema, "Mama Nsimire, kitambaa itatosha?" "Itatosha, fundi, pole sana," nampa pole, mi huyu, na sindano mkononi, kwa nini nisimtoboe nayo jicho... mafundi wote wa Cibitoke huniletea masanduku yao niyavishe kitambaa cheupe ndani, nayajua yote kwa ukucha, lile moja tu sikuligonga, la mume wangu Mugisho, maana kwetu mjane hagusi sanduku la mumewe, alishona jirani yangu Caritas, mi nikakaa kwenye mkeka kichwa chini, na Gélase alijua, mshenzi huyu, alijua mkono wangu hautafika, akaniuzia pano, ile mbao ya kiwandani, nyuzi za miti zilizopikwa zikagandamizwa zikawa karatasi nene, akaipaka vanishi ya kahawia, akaichorea mishipa ya mti kwa kitana, kitana cha nywele! hata mafundo alichora... akaniambia, "Tazama ilivyonyooka, mama, sipresi inapinda, inapasuka," na kweli pano haipindi, sikatai, dari za ofisi kule mjini ni pano, zimekaa laini vile vile tangu Wabelgiji, mahali pakavu pano haina kosa, lakini njia ya makaburini Buterere, fundi, Buterere mwezi wa nne, maji mpaka magotini! sipresi ikilowa inavimba kidogo, ikikauka inarudi, pano inakunywa maji kama mkate ndani ya chai na hairudi tena... wabebaji wakapiga kelele, chini pameachia, miguu ya Mugisho ikatoka nje mbele ya watu, na soksi zake za kazini, watoto wakakodoa macho, Yesu wangu, na mkimbizi toka Bukavu atamshtaki nani, kwa nani, nikameza, na huyu akaendelea kuniletea kazi bila haya...

"Mvua hii, mama, tutafika kaburini kweli?" Utafika, we utafika, umejipigia sipresi! "Tutafika, fundi," nasema, halafu atatoka kwenda kumwita padri na mi nitabaki peke yangu na sanduku, koleo liko pale kwenye meza, misumari ya chini nikiilegeza kidogo tu, kitambaa kikafunika, nani ataona, na barabarani aone mwenyewe, Cibitoke nzima ione, mama yake anavyochungulia chini, aonje, aonje na yeye, apige magoti matopeni akiokota... akimwokota nani... Daphrose, ndiye Daphrose atakayelala humu ndani, na siku ile Buterere, wanaume wamesimama wameduwaa, ni huyo mama mzee aliyepenya katikati ya watu, akavua kitenge chake cha juu, akabaki na gauni limemganda mwilini, akamfunika Mugisho miguu, akafunga kwa mikono yake mwenyewe, akatembea hivyo mpaka kaburini anatetemeka kwa baridi, njiani akanitazama, na nilijua kwamba anajua ni kazi ya nani... sasa ndiye nitakayemwangusha matopeni? Yeye? Ee Nsimire, umerogwa? Apana, apana kabisa, misumari ibaki palepale.

Ila Gélase simwachii, hata kidogo simwachii... kaburini, kabla ya udongo kuingia, watauliza kama kawaida, nani anamdai marehemu, nani anadaiwa naye, aseme hapa hapa, na watu huwa wanataja jembe, chungu, mbegu za maharagwe, nami nitasimama, nitasema kwa sauti, mi nadaiwa kitenge na mama Daphrose, na wataniuliza tu, kitenge gani, cha nini, na nitaeleza, taratibu, siku gani, mvua gani, sanduku la mbao gani, lililochorwa kwa kitana na nani, sitamtukana, wala sauti sitapandisha, nitakuwa namsifu marehemu, nani atanikataza kumsifu marehemu...

"Umemaliza, mama?" "Bado kidogo, fundi." Anarudi kwenye randa, mvua haipungui, shona, Nsimire, shona vizuri, mkunjo kwa mkunjo, mama wa watu alale pazuri, leo nitamshukuru mpaka mwanaye akose pa kuweka uso.