Pumzi ya Kikojani

Hudhaifa hakuweza kukaa kitako. Tangu boti ilipotoka bandari ya Wesha alikwisha kagua mitungi yote ya hewa, akaikagua tena, akafungua mikanda na kuifunga, akamuuliza nahodha Nyange habari za mkondo mpaka Nyange akachoka naye.

"Yakhe, mkondo ni ule ule ulioniuliza sasa hivi. Kaa, unanitikisia boti."

Asingekaa, na ungekuwa wewe pia usingekaa. Ile ilikuwa safari ya mwisho kabla ya masika kuwafungia bahari, na kambi ya wazamiaji ilikuwa ikitafuta kiongozi mmoja mpya wa kushuka na wageni. Akifaulu mtihani wa leo, wa mbizi mbili, ni yeye. Asipofaulu, ataletwa mtu kutoka Unguja, naye Hudhaifa arudi kuosha suti za mpira na kubeba mitungi ya wenzake, huku akijua kuzama kuliko wao wote. Hilo la kujua kuliko wote alilisema yeye mwenyewe, si mimi.

Lakini kuzama alijua, tusimnyime haki yake. Mtu wa Kojani huyo, kisiwa cha wavuvi. Kwao vijana hujitosa majini bila mtungi, wakawaswaga samaki kuelekea wavuni kwa pumzi moja, na anayeibuka mapema huchekwa siku nzima. Hudhaifa hakuwa wa kuibuka mapema. Pumzi ile ilimpa jina, na jina, unajua tena mambo ya ujana, likampanda kichwani.

Matata yalianza alipofungwa mtungi mgongoni. Anayezama kwa pumzi aliyoivuta huku juu huibana, akashuka nayo, akapanda nayo, salama salimini. Lakini anayevuta hewa ya mtungi kule chini, akaibana na kupanda, hewa ile hutanuka kila anavyosogea juu, na kifua hakina pa kuipeleka. Kitu huchanika humo ndani, hewa ikapenya hadi kooni, na sauti ikabadilika. Ndiyo maana sheria ya kwanza, kabla hujafundishwa hata kuvaa miwani, ni kwamba usibane pumzi hata kidogo. Hudhaifa aliijua sheria hiyo kwa ghibu. Kichwa kilijua, sawa, lakini kifua kilikuwa na mazoea yake ya tangu utoto, na kila wasiwasi ulipomshika, kilibana. Mwalimu wake, Bi Radhiya, mwanamke wa Wete mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu, alikwisha mwangusha mara moja kwa kosa hilo hilo.

"Mimi sina haja na ushujaa wa Kojani," alimwambia siku ile. "Nataka nione mapovu."

Wageni wa leo walikuwa wawili, Muhannad na mkewe Samah, maharusi kutoka Dar es Salaam waliokuja Pemba kula fungate. Muhannad alikuwa mtu wa kuuliza lini tutafika. Samah alikuwa mcheshi, mwenye sauti nyembamba inayosikika boti nzima, na alfajiri yote alikuwa akimtania mumewe kwamba suti ya mpira imemfanya kama soseji. Ila alikuwa na jambo lake linalomkera.

"Kaka Hudhaifa," alisema, "jana mimi ndiye niliyemaliza hewa kabla ya watu wote. Wote wakalazimika kupanda kwa sababu yangu, nikaona haya. Nasikia wewe mtungi wako haupungui. Unafanyaje?"

Kiongozi angekaa naye chini hapo. Angemwambia hewa si ya kuwekewa akiba, ukimaliza tunapanda, hakuna aibu. Maneno machache tu hayo. Hudhaifa alikuwa ameinama anakaza mkanda wake, macho yako majini, roho iko mbio.

"Niangalie mimi tu, dada," akasema. "Fanya ninavyofanya."

Wakashuka karibu na kisiwa cha Misali, pale mwamba unapokatika ghafla na kuelekea kwenye maji meusi. Hudhaifa mbele, Samah nyuma yake, kisha Muhannad, na Bi Radhiya mwisho kabisa ili aone kila kitu bila kuingilia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Hudhaifa aliwauliza kwa mkono kama wako sawa, wakajibu wako sawa. Akawauliza tena, wakajibu. Akatazama geji yake ya kupimia hewa, akatazama saa, akageuka, akageuka tena. Kila alipogeuka alimwona Bi Radhiya kule nyuma ametulia, na utulivu ule ndio ukamzidishia kiherehere. Akaongeza mwendo bila kujijua. Kabla hajatanabahi alikuwa ameizunguka kona ya mwamba na Samah peke yake, wenzao wamebaki upande wa pili.

Na hapo konani mkondo ukawapokea. Haukuwavuta pembeni, uliwapandisha. Hudhaifa aliona matumbawe ukutani yanateremka mbele ya macho yake, akafahamu kwamba wanaoondoka si matumbawe, ni wao. Wasiwasi ukamshika. Akageuka kumtafuta Samah.

Samah alikuwa hapo hapo, karibu ya kumgusa, ametulia kabisa, macho makubwa ndani ya miwani yamemkazia yeye. Wala hakuwa na hofu. Lakini mdomoni mwake hamkutoka kitu. Hakuna povu hata moja. Hudhaifa akaangalia juu ya kichwa chake mwenyewe, na huko pia hapakuwa na povu.

Akaogopa. Si kuogopa mtihani, huo ulimtoka akilini wote. Aliogopa kwa sababu huyu mtoto wa watu alikuwa akipanda na kifua kimejaa hewa, na aliyemfundisha kujaza ni yeye. Akamdaka jaketi lake la kuelea, akaitoa hewa iliyokuwa ikiwapandisha, akajishika kwenye jiwe kwa mkono mwingine. Kisha akasogeza uso wake mbele ya uso wa Samah na kupuliza, akapuliza mpaka mapovu yakawafunika wote wawili. Samah akabaki anamtazama. Hudhaifa akapuliza tena. Mara mapovu yakamtoka Samah naye, kwanza machache, halafu kwa wingi.

Bi Radhiya na Muhannad walipoizunguka kona waliwakuta wameng'ang'ania jiwe, wanapumua. Hudhaifa akaonyesha ishara ya kupanda. Wakapanda taratibu wote wanne, wakasimama kidogo njiani kama sheria ya kupanda inavyotaka, wakatoka.

Botini Bi Radhiya alivua miwani, akamtazama mwanafunzi wake.

"Mwanzoni ulikuwa unatukimbiza," alisema. "Lakini ule mkondo umeuweza, na mgeni umemshika. Mbizi ya pili ikienda hivyo, nakupitisha."

Hudhaifa alitaka kuzungumza, Samah akamuwahi. Alikuwa anacheka, anaonyesha geji yake kwa mumewe.

"Leo hewa yangu imebaki tele. Nilimwangalia kaka Hudhaifa, nikaona hatoi povu, na mimi nikabana. Kumbe ni rahisi."

Hakuna aliyecheka naye. Bi Radhiya aligeuza shingo polepole kumtazama Hudhaifa.

"Ulibana?"

"Nilibana, Mwalimu," Hudhaifa akajibu. "Nilimwambia afanye ninavyofanya."

Bi Radhiya aliichukua geji ya Samah, akaisoma. "Mbizi ya pili nitakuwa ubavuni mwako," akasema. "Povu moja likikosekana, yamekwisha baina yetu."

Basi nafasi bado ilikuwapo. Hudhaifa akanyoosha mkono haraka kuchukua mtungi mwingine. Na mkono ukaishia njiani. Ile sauti. Alfajiri ilikuwa nyembamba, inasikika boti nzima. Sasa ilikuwa ikikwaruza, kama ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha.

"Dada Samah, kifua kikoje?"

"Kinabana kidogo." Akakohoa. "Chumvi hii, nilikunywa maji."

"Chumvi tu," Muhannad akadakia. "Ndugu yangu, tumetoka Dar kwa ajili ya siku hii ya leo. Apumzike kidogo tushuke."

Inawezekana kweli ilikuwa chumvi. Hudhaifa alitamani iwe chumvi kuliko alivyopata kutamani kitu chochote. Angesema neno moja tu, haya, tushuke, na mume angefurahi, mke angefurahi, na yeye angepata alichokitafuta misimu yote ile. Akamtazama Samah anavyojisugua chini ya koo kwa vidole, bila kujua kama anajisugua.

"Hatushuki," akasema. "Nyange, turudi Wesha. Na umpigie daktari atusubiri bandarini."

Muhannad alianza kulalamika. Nyange hakugusa mashine, alimtazama Bi Radhiya, maana ndiye mkubwa wao.

"Leo ndiyo siku ya mwisho, Hudhaifa," Bi Radhiya akasema. "Unajua?"

"Najua."

Mkono wa Bi Radhiya ulikuwa tayari juu ya sanduku la oksijeni. Akalifungua na kulisukuma kwa Hudhaifa.

"Nyange, unangoja nini?" akasema. "Umemsikia kiongozi."

Hudhaifa hakulisikia neno lile. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Samah, amemshikia barakoa ya oksijeni usoni, na hakuondoa macho kifuani mwake.

"Vuta polepole, dada," alikuwa akimwambia. "Sasa toa. Usinifuate mimi, nisikilize tu. Toa yote."