Chupi Mbili, Mashamba Mawili

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa nidhamu, na wanafunzi, ambao hawana adabu hata wakiwa usingizini, walimwita Foleni. Jina alilistahili. Aliwapanga foleni kwenda darasani, foleni kwenda bwaloni, foleni kwenda chooni, na inasemekana mwaka mmoja kuku wa jikoni walionekana wakipita mbele ya ofisi yake mmoja nyuma ya mwingine, bila kulazimishwa na mtu. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani na makofi. Kesho yake aliamka alfajiri, akavaa, akatoka nje, na hapakuwa na mtu wa kumpanga.

Ndipo akayageukia mahindi.

Mahindi yana tabia njema. Hayajibu, hayatoroki, hayachomoi shati. Foleni aliyapanda kwa kamba, mstari kwa mstari, shamba zima mahindi matupu. Akishavuna alichoma mabua yote, kisha akafagia. Ndiyo, alifagia, kwa ufagio, na mke wake alipomkuta kazini alisimama pembeni ya shamba akauliza kwa heshima, "Mwalimu, tuvue viatu tukiingia?"

Mwaka wa kwanza shamba lilitii: magunia ishirini. Mwaka wa tano yalitoka saba. Mistari ilikuwa imenyooka vilevile, lakini mahindi yenyewe yalisimama kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, membamba, ya njano, kila moja likimwegemea jirani. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza juu ya udongo kama juu ya sahani, yakaondoka na mbolea bila kuaga. Foleni alichunguza jambo hilo kwa makini, akafikia uamuzi kwamba alikuwa hafagii vya kutosha.

Ng'ambo ya kinjia kulikuwa na shamba la mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na ushei ambaye hakuwahi kutumia maneno mawili pale ambapo moja lilitosha. Shamba lile lilimuumiza Foleni macho. Kunde zilipanda juu ya mahindi, maboga yalitambaa miguuni pa kila mtu, na katikati ilisimama migunga minne bila ruhusa ya yeyote. Baada ya mavuno mbuzi sita waliingia kula mabua na kuacha samadi popote walipojisikia. Halikuwa shamba, bali wanafunzi wakati wa mapumziko ya saa nne. Lakini mkwe ni mkwe. Foleni alipopita pale aliinamisha macho, akaamkia, akaugua kimyakimya.

Sasa ikaja habari kwamba shamba moja la pale litachaguliwa kuwa shamba darasa. Kila Alhamisi wakulima arobaini watafika, watasimama, na mwenye shamba atawafundisha. Foleni aliposikia maneno "arobaini" na "watasimama", moyo ulimpiga kama kengele ya asubuhi. Tangu astaafu hakuwa ametamani kitu kiasi kile. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha chumbani, akakikaripia kioo mara mbili kwa kutosikiliza.

Mchujo ukabakiza mashamba mawili: lake na la mama mkwe. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyesimamia uchaguzi, akawaita wote kwenye baraza ya bibi. Mtaalamu huyo alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Foleni. Aliwahi kufyeka nyasi wiki nzima kwa kosa la soksi moja kushuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Tutapima uhai wa udongo. Nitahitaji chupi mbili nyeupe, za pamba tupu. Za Mwalimu zitafaa."

Neno lile lilikuwa limetamkwa kwenye baraza ya mama mkwe, tena likafuatwa papo hapo na cheo chake. Foleni alihisi masikio yakishika moto. Mama mkwe alianza kuchunguza paa, msumari mmoja mmoja.

"Samahanini," Foleni alisema akiinuka. "Nadhani nimesikia mbuzi."

Mbuzi wote sita walikuwa wamelala mbele yao, wakicheua bila neno. Hata hivyo akaenda kuwaangalia, na kwa kuwa walikuwa hapo, ikambidi aende kuwaangalia nyuma ya nyumba. Kutoka huko maneno yalimfikia vipandevipande: zifukiwe kina cha kiganja, moja kila shamba, siku sitini, kisha zifukuliwe waone ipi... Hapo jogoo akawika. Foleni hakuhitaji kusikia mengine. Waone ipi imetunzwa vizuri. Alikuwa amekagua mabweni miaka thelathini na mmoja. Mtihani mwingine ungekuwa upi?

Waliobaki barazani walisikia hadi mwisho. Pamba imetokana na mmea, alisema bibi shamba, na udongo wenye uhai hula kila kilichotokana na mmea. Humo mna nyungunyungu na vijidudu vidogo visivyoonekana, na wote wana njaa. Udongo hai utaitafuna chupi ubaki mpira wa kiunoni peke yake. Udongo uliokufa utakurudishia nguo yako kama ulivyoiacha.

Mke wake alijaribu kumweleza siku hiyohiyo mezani.

"Mwalimu, kuhusu zile chupi."

"Mke wangu, tunakula."

Akasubiri vyombo vikaoshwa. "Sasa tumemaliza kula."

"Sasa chakula kinashuka. Jambo hilo lisitajwe katika nyumba hii. Yule ni mama yako."

Mke wake akainua mabega. Siku iliyofuata alimwambia mama yake kwamba asiyefunzwa na mkewe hufunzwa na chupi yake. Mama akacheka mpaka akashika ukuta, na hakuongeza neno.

Chupi zikafukiwa, na kwa siku sitini Foleni alilinda yake. Alizungushia mahali pale vigingi vinne na kamba, pakafanana na kaburi la mheshimiwa. Jani likichungulia, aling'oa. Sisimizi akipita, alipulizia dawa. Wiki ya tano alikuta nyungunyungu mmoja, bila shaka aliyepotea njia, akielekea kwenye vigingi. Foleni alimbeba juu ya kijiti, akamsindikiza hadi mpakani. "Kwenu ni kule," alimwambia, na akahakikisha anavuka. Huko ng'ambo mbuzi wa mama mkwe walikuwa wamelala juu ya chupi ya pili, wakicheua. Foleni alitikisa kichwa. Kwa kweli alimwonea huruma mama wa watu.

Siku ya kufukua wakulima arobaini walifika. Foleni alivaa tai.

Walianza kwa mama mkwe. Jembe lilizama lenyewe. Udongo ulikuwa mweusi, ukameguka kama keki, na ulinukia mvua ingawa mvua haikuwapo. Kilichotoka ni mpira wa kiunoni na nyuzi tatu, na nyungunyungu mmoja mnene amening'inia hapo kama mtoto kwenye bembea. Watu wakanong'ona. Foleni aliona ni wajibu wa mshindi kuwa mpole.

"Si kosa lake," alimwambia jirani yake. "Mbuzi wale hawana usimamizi."

Wakavuka kinjia. Kwenye shamba la Foleni jembe lilidunda. La pili likadunda. La tatu likang'oa bonge mithili ya tofali, na chini ya bonge chupi ilikuwa imelala, nzima. Foleni akaikung'uta mara moja ikawa nyeupe. Furaha ikamshinda. Alisahau mkwe, alisahau paa lililochunguzwa; akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

"Tazameni. Siku sitini. Hata mshono haujalegea."

"Mwalimu," mzee mmoja alisema kutoka nyuma, "hiyo unaweza kuivaa kesho."

"Hata leo," alijibu Foleni.

Mke wake aliketi chini, kwenye udongo, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Wakulima nao wakaangua kicheko ambacho Foleni alikipokea, kwa sekunde kama nne, kuwa shangwe.

Bibi shamba alikuwa na wiki nzima ya nyasi ya kulipiza, na nafasi ndiyo hiyo. Hakuitumia. Alimsogelea akasema taratibu, "Mwalimu, ilitakiwa iliwe."

"Iliwe na nani?"

"Na udongo. Hapa haikuliwa kwa sababu hakuna wa kula. Wengine umewachoma na mabua, wengine umewafagia, waliobaki umewapulizia dawa."

Foleni alimkumbuka yule aliyemsindikiza kwa kijiti. Alitazama shimo. Hakuna kilichotembea, hakuna kilichojificha. Lilikuwa darasa tulivu kuliko yote aliyowahi kufundisha, na sasa akajua kwa nini.

Hivyo shamba darasa likawa la mama mkwe. Bibi shamba akamwomba awape wakulima maneno machache. Mama mkwe akasimama, akafikiri.

"Mimi huwa nawaacha tu," alisema, akakaa.

Wakulima walitazamana.

"Bibi, waeleze basi," bibi shamba alisihi, "miti inafanya nini?"

"Inaangusha majani."

"Na mbuzi?"

"Wanakula."

"Halafu?"

Bibi aliwaangalia watu arobaini kwa haya. "Halafu si mnajua."

Mmoja alianza kuaga. Wawili wakamfuata. Foleni aliona somo likifa mbele ya macho yake, na hilo hakuweza kulivumilia, hata kama somo lenyewe halikuwa lake tena. Ili afundishe, angelazimika kuanza na yeye mwenyewe.

"Nyinyi mnaoondoka, rudini," alisema. "Wa nyuma sogeeni mbele. Mfano mbaya ni mimi."

Walirudi upesi; watu hupenda mfano mbaya. Foleni akaeleza mabua aliyochoma, ufagio, sisimizi, mvua iliyoteleza, magunia ishirini yaliyobaki saba. Hakuficha hata nyungunyungu. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mama, mgunga unaangusha majani lini?"

Mama mkwe alikuwa amewapa wote mgongo, maana Foleni bado alikuwa akifundishia ile chupi kama chaki. "Mvua zikianza," alijibu.

"Mmesikia? Miti mingine ikichipua, mgunga wa aina hii unavua majani. Mahindi yanapata jua, udongo unapata chakula. Na maganda yake, Mama?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi wanakula maganda na mabua, wanatoa samadi, samadi inalisha waliomo ardhini, nao wanatoboa njia, maji yanazama badala ya kukimbia. Kunde zimefunika udongo usiungue. Hakuna asiye na kazi pale. Mimi nilidhani ni fujo."

Ikawa hivyo kwa saa nzima: neno moja la bibi, aya tatu za Foleni. Hakuna aliyeaga.

"Mwalimu," mama mkwe akasema mwishowe, akiuambia ukuta wa ghala.

"Naam, Mama."

"Kesho mbuzi waje kwako, walale nusu ya shamba. Nusu nyingine iache ilivyo, watu waone."

"Ahsante, Mama."

"Na hicho kitambaa kitie mfukoni. Shingo inaniuma."

Foleni akakitia mfukoni. Mama mkwe akageuka, na wakavuka kinjia kwenda kuwaonyesha wakulima mbuzi.