Figo za Kuazima

Zamani kijijini kwetu Padaviya, binti akiposwa zilitazamwa nyota. Mnajimu alizilinganisha, akala, akashiba, mambo yakaisha. Siku hizi nyota hazitoshi. Wazazi wa kijana aliyemposa Nilmini, watu waungwana sana wa mji wa Kurunegala, walitaka pia picha ya figo za baba wa binti. Walikuwa wamesikia kwamba wakulima wa mpunga wa upande wetu wanakufa kwa figo, na wao hawakutaka kuletewa maradhi ukooni pamoja na bibi harusi.

Wannihamy, huyo baba, aliogopa. Kaka yake alizikwa mwaka juzi kwa ugonjwa huohuo, na yeye mwenyewe alikuwa akiamka miguu imevimba. Basi akafanya jambo la busara, kwa kadiri ya busara aliyojaliwa. Alimwendea shemeji yake Kapuruhamy, kaka wa mkewe, pande la mtu lililokuwa likibeba gunia la mpunga huku likipiga mluzi.

Sisi hulimiana kwa zamu. Leo nakupandia mpunga, kesho unanipandia, na siku ya mtu hailiwi. Kapuruhamy alikuwa bado hajairudisha siku moja ya Wannihamy.

"Shemeji, ile siku yangu usinilipe shambani. Kalale kwenye mashine ya picha za figo kwa jina langu."

"Nilale tu? Halafu tumemalizana?"

"Tumemalizana."

"Mjinga wewe! Kwa kulala, ningekulipa hata wiki nzima."

Siku ya kupima, mashine hiyo ya altrasaundi ikaletwa na daktari kutoka hospitali, ikawekwa katika ukumbi wa mahubiri wa hekalu. Mshenga wa upande wa kijana alikuwa ameshafika, mwavuli mapajani, anatafuna tambuu na kukagua watu kama aliyekuja kununua nyati wa kulimia. Lilipoitwa jina la Wannihamy, akaitika Kapuruhamy. Kijiji kizima kilimjua, na kijiji kizima kikanyamaza, maana kila nyumba ina binti.

Alitoka anacheka, akamfuata Wannihamy nyuma ya ukumbi.

"Pole, shemeji. Daktari anasema figo zako zimesinyaa, zote mbili."

"Zangu?"

"Jina si lako? Mimi mzima, nitazame! Eti nisubiri nitolewe damu. Nikamwambia mwenyewe anakuja."

Wannihamy aliingia kwa daktari, dada mmoja mwenye haraka, akakiri yote. Akagombezwa kama mtoto, kisha akalazwa, akapakwa ule ute wa baridi tumboni.

"Zako safi, mzee," daktari akasema. "Hiyo miguu tutaitazama, na samaki wa chumvi upunguze. Mgonjwa ni yule mwenzako. Mlete sasa hivi, kabla hazijakufa kabisa."

Akapewa karatasi safi, halali, yenye jina lake. Ujanja wote ule, kumbe kilichotakiwa ni kulala mwenyewe!

Ukumbini, Kapuruhamy alikuwa ameketi karibu na mshenga, anamchekesha. Wannihamy angeweza kutoa karatasi yake na harusi ikapita. Shemeji angeambiwa baadaye, harusi ikiisha. Lakini kaka yake naye alisema ataenda hospitali mavuno yakiisha, na Wannihamy ndiye aliyembeba kwenda kaburini. Uoga ukamgeukia kuwa hasira, hata hakujua anamkasirikia nani.

"Shemeji," akasema kwa sauti, watu wote wakisikia. "Zile figo mbovu ni zako. Uliyelala ni wewe, si jina langu. Zangu nzima. Rudi ndani, daktari anakungoja."

Mshenga alimtazama huyu, akamtazama yule. Baba mdanganyifu, mjomba mgonjwa. Hesabu yake haikuwa ngumu. Akachukua mwavuli wake akaondoka, hata kuaga hakuaga.

Kapuruhamy alibaki amekodoa macho. Habari ya figo hakuiuliza.

"We mjinga, ungesubiri aondoke! Sasa Nilmini je?"

Wannihamy alimshika shemeji yake mkono, wakaingia ndani kwa daktari.