Mtunzi Haulizi Jina

Haidar alikuwa kachoka, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka ishirini alitunga nyimbo za taarabu Unguja. Waimbaji wakatunzwa noti, yeye akaambulia chai na "ahsante mwalimu." Mwaka wa tisini na sita akaona potelea mbali, akaja Guangzhou kununua mikoba. Kutwa yuko soko la mikoba la Shiling anavutana bei na malaoban, wenye maduka, jioni anarudi chumba alichopanga Huanshi Zhonglu miguu imemvimba. Alimuaga mkewe, Chausiku, kwa mwaka mmoja, ikaenda mitatu. Juzi kwenye simu Chausiku alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mfungo huu asipomwona atakwenda kwa kadhi. Haidar alikata tiketi siku ile ile. Bila Chausiku hakuwa na pa kurudi.

Wiki hiyo akaja Kauthar, mfanyabiashara mwenzake wa Unguja, mwanamke mwenye maneno yake. Alitaka wimbo wa kumrushia mbaya wake harusini huko nyumbani. Haidar alikataa mara mbili. Lakini tangu afike Uchina hakuna aliyemwita mtunzi, na sifa ni tamu, tusidanganyane.

Sasa, kazi ile ina mwiko: mtunzi haulizi wimbo unamwendea nani. Unapewa sifa za mtu, unafunga beti, basi. Ukijua jina utaingiwa na huruma, na mpasho wa huruma ni mchuzi usio chumvi. Kauthar akataja: bibi huyo ana gauni moja la kijani kwa harusi zote, kila mwaka anapaka nyumba chokaa akimngoja mume asiyerudi, na maringo juu. Haidar alicheka, jamani, akafunga beti tatu pale pale.

Mwezi haukwisha, akapiga simu kumwambia mkewe siku ya ndege. Chausiku akamtangulia. Alisema kule harusini wimbo ulipoanza tu aliujua mkono wa mumewe.

"Nikadhani umeniletea salamu. Nikanyanyuka kwenda kutunza. Ubeti wa tatu ukanikuta nimesimama mbele za watu, noti mkononi, ukumbi mzima unaniangalia gauni."

Haidar aliapa. Wallahi hakujua kama ni yeye, hakutajiwa jina. Akaueleza mwiko wote, maneno yakimtoka mbio na aibu imemjaa. Chausiku alimwacha amalize.

"Ungelijua ukatunga kwa hasira, ningelikusamehe," alisema. "Hasira huisha. Lakini umetajiwa gauni ulilonitumia mwenyewe, umetajiwa chokaa, umetajiwa mume asiyerudi, na mkeo hakukujia akilini?"

Chausiku akamwambia airudishe tiketi, akaweka simu.