Milioni na Ushee

Mwalimu wa hesabu alibakiza siku chache tu astaafu, na tayari kichwa kilikuwa kimevimba. Shule ilimwomba achague namba ya kuandikwa juu ya mlango wa darasa lake, iwe kumbukumbu yake. Akachagua 1,022,117, akamtangazia kila mwenye masikio kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na kwamba amethibitisha kwa kalamu, bila mashine. Miezi mitano mkewe alikula na mtu anayenong'ona hesabu za kugawanya. Alipomuuliza kama chumvi imetosha, alijibu, "Inabaki sitini na mbili."

Asubuhi hiyo alisimama chini ya ngazi kumsimamia mchora mabango, ambaye hakuhitaji kusimamiwa. Akamsimulia, bila kuombwa, alivyoigawa kwa namba tasa zote mia moja sitini na nane zilizo chini ya elfu moja. Mchoraji akauliza kwa nini aliishia hapo.

"Ukifika kwenye namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ile yako, kazi imekwisha," mwalimu alisema. "Na elfu mara elfu ni milioni."

Mchoraji alitazama alichokuwa akiandika. "Lakini hii yako, mwalimu, ni milioni na ushee."

Mwalimu alicheka kidogo, kwa kumhurumia. Kisha akaacha kucheka. Kwa ushee ule ilibaki namba tasa moja ambayo hakuijaribu: 1,009. Aliokota chaki, akagawanya palepale ukutani. Jibu 1,013, na hakikubaki kitu.

Bingwa wa miezi mitano alikuwa amekula ng'ombe mzima, akashindwa na mkia. Kosa hilo lingekuwa la mwanafunzi, angempa sifuri kwa raha zake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Vilevile aliwaza kwamba hakuna atakayehakiki, maana mkuu wa shule mwenyewe alikuwa mtu wa historia. Namba yake ingebaki juu ya mlango ule, na jina lake safi.

"Nifute?" mchoraji aliuliza, akionyesha ile hesabu ya chaki ukutani.

Mwalimu aligeukia mlango. Wanafunzi walikuwa wakiingia.

"Iache. Na chini ya ile namba niandikie hizi mbili zilizoizaa."

Akaingia darasani akawasimulia yote, hadi ile chumvi. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nao wakamfuata, kwanza kwa woga, maana hawakuwahi kumsikia akisema amekosea.

Kipindi kilipokwisha, binti mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima alikuwa akilifunika daftari lake kwa mkono kila mwalimu alipopita, alikuja mbele akaliweka wazi mezani, kwenye hesabu iliyokatikia katikati.

"Mwalimu," alisema, "mimi huwa naishia hapa."