Vijidudu vya Uani kwa Bibi

Miaka yote ya nguvu zake Bibi alipiga deki zahanati, na kama kuna kiumbe aliyekuwa na ugomvi naye, ni kijidudu. Aliviua kwa klorini vitandani, vyooni, hata kwenye vitasa vya milango. Sasa amezeeka, vikaletwa kuishi uani kwake.

Chanzo ni dobi wa jirani, yule aliyefua suti kwa dawa bila maji. Suti zilitoka safi. Dawa chafu akaimwaga nyuma ya duka, ikazama mpaka kisimani kwa Bibi. Dobi alihama na mashine zake, sumu haikuhama. Kisima kikafungwa. Mkwewe, mama wa mjukuu wake wa pekee, akasema waziwazi kwamba kisima kisipopona, wao wanahama na mtoto wao. Mwanawe Bibi alinyamaza, na kimya cha mume mbele ya mkewe, Bibi anaijua tafsiri yake.

Ndipo akaja mtaalamu wa maji, binti mwenye buti kubwa kuliko miguu. Alizamisha bomba jembamba kando ya kisima, akamimina vijidudu na molasi nyeusi ya kuvilisha. Akaeleza kwamba vikishiba vitaivunja ile sumu hukohuko chini, gizani, pasipo hewa. Kazi ya Bibi ilikuwa moja tu: kifuniko cha bomba kisiguswe. Bibi akaitikia vizuri, akambandika jina la Mama Vijidudu, lakini amani ikamtoka. Hivyo vikimaliza molasi, vikamaliza na sumu, vitakula nini? Na juu ya ardhi hiyohiyo anatambaa mtoto laini kama pamba.

Kisha bomba likaanza kunung'unika. Alitega sikio akasikia bwab, bwab, kama mtu anayekunywa uji kwa kujificha. Ikafuata harufu ya mayai viza. Kule zahanati harufu ya namna hiyo ilikuwa na maana moja: kidonda kimeoza. Mkwe alipompeleka mtoto kliniki, Bibi alifungua kifuniko, akamimina dumu zima la klorini. Bomba likanyamaza. Akashukuru Mungu, akaenda kujinyoosha.

Mama Vijidudu alipokuja kuchota maji ya kupima, alinusa bomba, akainama akanusa tena. Akakunja uso. Akauliza harufu ya mayai viza imekwenda wapi, maana ndiyo aliyokuwa akiingoja. Ndiyo jasho la vijidudu vikiwa kazini. Mkwe, mtoto mgongoni, alikuwa akiangalia gauni la Bibi, lenye madoa meupe mapya.

"Mama," alisema taratibu, "umevifanyia usafi?"

"Mazoea yana taabu," Bibi akasema. "Niliogopa vitamla mtoto, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Bibi, ambaye huwachekesha watu hata akisalimia, hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Mtaalamu akasema vilivyo karibu na bomba vimekufa. Vya mbali, huenda klorini haikuvifikia. Akaivuta ile klorini kwa pampu, kadiri ilivyokubali kutoka, akamimina molasi mpya. Harufu ikirudi, vipo. Isiporudi, yeye mbegu nyingine ya vijidudu hana. Mkwe akaingia ndani, na Bibi akasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Tangu hapo, kila akimaliza kufagia, Bibi anapiga magoti pua kwenye kifuniko. Majirani wakiuliza kapoteza nini, anajibu kapoteza wapangaji. Ndani, sanduku limesimama karibu na mlango.

"Kuleni, wanangu," aliliambia bomba asubuhi moja. "Kuleni, nisamehe­ni."

Alivuta pumzi. Klorini. Akasogea akavuta tena, na chini kabisa ya klorini, kama si pua ya uzee inayomdanganya, kulikuwa na yai viza. Hakuthubutu kumwita mtu. Alibaki magotini, akiogopa hata kupumua, asije akalimaliza.